Kugusa, Kuguswa, Kugusana: Mguso Kati ya Binadamu, Roboti na Uhalisia Pepe

Utangulizi

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii inakiri, pamoja na mafunzo yake mengine, kwamba yapo maarifa yasiyopatikana kwa macho wala kwa masikio, bali kwa ngozi. Lugha ya Kiswahili imesheheni ushahidi wa jambo hilo. Salamu ya shikamoo huhusishwa na kauli ya kushika miguu ya mkubwa. Mfiwa hupewa mkono wa pole. Na habari ya kusikitisha husemwa kuwa imemgusa mtu moyo, kana kwamba moyo nao una ngozi.

Katika miongo ya hivi karibuni, hisi hii kongwe imeingia katika maabara za wahandisi. Zipo roboti zinazoshika na kupapasa, na zipo tarakilishi zinazomwezesha mtu kuhisi uzito wa kitu kisichokuwepo. Makala haya yanadhamiria kueleza hatua zilizopigwa kwa kutumia kauli tatu za kitenzi zinazofahamika kwa kila mwanafunzi wa sarufi: kutenda, kutendwa na kutendana. Mashine imejifunza kugusa, na kwa kiasi fulani imejifunza kuhisi inapoguswa. Kugusana, hata hivyo, ni suala jingine.

Ngozi na kazi yake

Kiganja kimoja cha mkono wa mtu mzima kina vipokezi vya mguso vipatavyo 17,000. Baadhi hutambua mkandamizo, vingine mtetemo, vingine mvuto wa ngozi. Mwaka wa 2010, kundi la watafiti lililoongozwa na Ardem Patapoutian lilitambua protini ambazo hufunguka seli inapobonyezwa na kuanzisha ishara ya umeme katika neva. Kwa ugunduzi huo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 2021 pamoja na David Julius, aliyechunguza jinsi mwili unavyohisi joto.

Aidha, watafiti wa Sweden wameonyesha kwamba ngozi yenye vinyweleo ina neva za aina ya pekee ambazo hupeleka ishara polepole. Neva hizi huitikia zaidi ngozi inapopapaswa kwa kasi ya kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, yaani kasi ya mkono wa mama anayembembeleza mtoto. Ni dhahiri basi kwamba mwili una njia mbili za mguso: moja ya kutambua vitu, nyingine ya kutambua upendo.

Umuhimu wa njia hii ya pili ulidhihirishwa na Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, katika matokeo aliyoyachapisha mwaka wa 1958. Vitoto vya nyani waliotenganishwa na mama zao waliwekewa sanamu mbili: moja ya waya, nyingine iliyofunikwa kwa kitambaa laini. Hata pale ambapo maziwa yalitoka kwenye sanamu ya waya, vitoto hao walinyonya upesi kisha wakarudi kukumbatia kitambaa.

Binadamu hawana tofauti. Mwaka wa 1978, daktari Edgar Rey Sanabria wa Bogotá, Kolombia, akikabiliwa na uhaba wa mashine za kuwatia joto watoto njiti, alianza kuwaweka watoto hao vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Mbinu hiyo huitwa malezi ya kangaruu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021, uliohusisha watoto 3,211 katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulibaini kwamba miongoni mwa walioanza malezi hayo mara tu baada ya kuzaliwa, asilimia 12.0 walifariki katika siku 28 za kwanza. Miongoni mwa waliosubiri hadi hali zao zitulie, waliofariki walikuwa asilimia 15.7. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza malezi hayo yaanze mapema iwezekanavyo.

Roboti: kugusa na kuguswa

Tarehe 7 Septemba 2001, daktari Jacques Marescaux, akiwa New York, aliongoza mikono ya roboti iliyomtoa kibofu cha nyongo mgonjwa aliyelazwa Strasbourg, Ufaransa. Mashine ilikuwa imevuka bahari kwenda kugusa. Hata hivyo, kugusa si kuhisi. Roboti ya upasuaji ya da Vinci, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2000, ilifanya kazi kwa zaidi ya miongo miwili bila kumrudishia daktari hisia ya nguvu inayotumika mwilini mwa mgonjwa. Alilazimika kukisia kwa macho jinsi uzi ulivyokazika. Toleo lenye uwezo wa kurudisha hisia hiyo liliidhinishwa nchini humo mwaka wa 2024.

Hatua kubwa zaidi ilionekana Pittsburgh mwezi wa Oktoba 2016. Nathan Copeland, aliyepooza kutokana na ajali ya gari, alisalimiana na Rais Barack Obama kwa mkono wa roboti. Elektrodi zilizopandikizwa katika ubongo wake zilimwezesha kuuendesha mkono huo na pia kuhisi vidole vyake vilipobonyezwa.

Kwa upande mwingine, wapo wanaounda roboti za kuguswa tu. Paro, iliyobuniwa na Takanori Shibata wa Japani na kuanza kuuzwa huko mwaka wa 2005, ina umbo la kitoto cha sili chenye manyoya meupe. Inapopapaswa hutikisa kichwa na kutoa sauti. Hutumika katika makao ya wazee, hususan wanaougua maradhi ya kusahau.

Uhalisia pepe

Katika uhalisia pepe, mtu huvaa miwani inayomwonyesha ulimwengu uliotengenezwa na tarakilishi. Macho hudanganyika kwa urahisi: picha 24 kwa sekunde zinatosha kuonyesha mwendo katika filamu. Mkono ni mgumu kudanganya. Ili kitu kigumu kihisike kigumu, kifaa kinachoshikwa hulazimika kurekebisha nguvu yake takribani mara 1,000 kila sekunde.

Pamoja na ugumu huo, mwezi wa Oktoba 2002 watafiti wa taasisi ya MIT, Marekani, na wenzao wa Chuo Kikuu cha London waliwawezesha watu wawili, kila mmoja akiwa upande wake wa Atlantiki, kuinua pamoja kisanduku cha kubuni kupitia mtandao. Kila mmoja alihisi msukumo wa mwenzake. Changamoto iliyojitokeza ni ucheleweshaji wa ishara: mkono hutambua mara moja kwamba jibu limechelewa.

Kugusana

Mfano huu wa mwisho unadokeza kiini cha mada hii. Kisanduku kile hakikuwepo, lakini watu walikuwepo. Paro ni kinyume chake: manyoya yapo, mwenzi hayupo. Mzee anapoipapasa anapata utulivu wa kweli, lakini roboti haijali nani anayeipapasa wala haiwezi kukataa.

Kugusana kuna thamani kwa sababu kila upande ungeweza kuuzuia mkono wake. Tarehe 9 Machi 2018, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipopeana mikono hadharani jijini Nairobi, taifa zima lilielewa uzito wa tendo hilo bila kuelezwa, kwani ni wapinzani waliokuwa na hiari ya kutolifanya. Hali kadhalika, UVIKO-19 ilipoingia Kenya mwezi wa Machi 2020 na wananchi wakaagizwa waache kusalimiana kwa mikono, rununu ziliendelea kuwafikishia wafiwa sauti na picha za jamaa. Mkono wa pole haukufika.

Hitimisho

Haifai kuzibeza mashine hizi. Aliyepooza akirudishiwa hisia za vidole, na daktari akihisi uzi anaoukaza, manufaa ni bayana. Kifaa kinachosafirisha mguso wa mtu hadi kwa mtu mwingine kinarefusha mkono wa binadamu. Kinachohitaji tahadhari ni kifaa kinachowekwa mahali pa mtu ili jamaa wapate udhuru wa kutofika. Familia, hospitali na makao ya wazee zitakapoletewa vifaa hivyo, zianze kwa kuuliza ni nani aliye upande wa pili wa mguso huo. Kama hakuna mtu, kifaa hicho kisihesabiwe kuwa kimemwondolea yeyote wajibu wa kumtembelea mzee na kumshika mkono.