Damu Inapoganda na Kuvuja kwa Pamoja

Mwaka 1957 daktari wa Norway, Leif Hillestad, aliandika habari za wagonjwa watatu wa saratani ya damu ambao hali yao ilizorota kwa kasi mno huku wakivuja damu vibaya. Leo ugonjwa wao huitwa lukemia kali ya promielositi.

Katika lukemia kali yoyote, seli changa za saratani huujaza uboho na kuzisonga seli kubwa zinazozaa chembe sahani, zile zinazokimbilia kuziba jeraha. Mtu mwenye afya huwa nazo 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Zikishuka chini ya 10,000, mgonjwa anaweza kutokwa damu bila hata kujigonga, ndiyo maana huongezewa mapema.

Kwa promielositi, hata hivyo, upungufu huo ni mwanzo tu wa balaa. Seli zake hubeba kichochezi kinachoigandisha damu ndani ya mishipa isiyo na jeraha lolote. Vigando vidogo vidogo hutapakaa mwilini vikimaliza chembe sahani pamoja na fibrinojeni, protini inayofanya nyuzi za mgando. Na seli hizohizo huamsha plasmini, kimeng'enya kinachozikata nyuzi hizo. Basi mwili unagandisha na kuyeyusha kwa wakati mmoja, hadi akiba inakwisha. Anayehesabu chembe sahani bila kupima fibrinojeni ameona nusu ya ugonjwa, na nusu aliyoikosa inaweza kupasukia ubongoni.

Ukombozi ulitoka Shanghai. Wang Zhenyi na wenzake wa Hospitali ya Ruijin waliwapa wagonjwa asidi ya retinoiki, jamaa ya vitamini A, na mwaka 1988 wakatangaza kwamba wote 24 walipata nafuu kamili. Dawa hiyo huzikomaza seli badala ya kuziua, na uvujaji hupungua ndani ya siku chache. Ikichanganywa na aseniki, wengi sana hupona kabisa.

Kinachouma ni wale wanaofariki siku za mwanzo, wengi kwa kuvuja damu, wakati tiba ipo. Kwa hiyo dawa huanza siku ileile daktari anaposhuku, majibu ya vinasaba yangali maabara, huku chembe sahani zikiongezwa zivuke angalau 30,000. Majibu yakikanusha, dawa husimamishwa. Dozi chache za awali kwa kawaida hazimwachii mgonjwa madhara makubwa.