Kuni za Kipupwe

Mwezi wa Juni uingiapo, kipupwe hushuka juu ya milima ya Uluguru. Sisi tukaao Mzumbe, chini ya mlima, twaongeza shuka moja usiku, na mambo yamekwisha. Lakini ndugu zetu wa Nyandira, Bunduki na vijiji vingine vya Mgeta hukaa ndani ya ukungu, pengine jua wasilione tangu asubuhi hata adhuhuri. Huko moto hupika chakula, tena huwapasha joto mtoto mchanga na mzee, hukausha nguo, na moshi wake hulinda mahindi ya mbegu yaliyotungikwa juu ya meko. Nyumba ikikosa kuni siku hizo, imepatwa na shida iliyo jirani na njaa.

Mgeni atauliza: "Kuni zakosekanaje mahali ambapo msitu waonekana kwa macho?" Jibu lake ni hili. Msitu ule wa juu uliwekewa mipaka tangu zamani za Wadachi, na mwaka 2008 ukafanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, yenye hekta zaidi ya 24,000. Sababu yake ni njema, kwa kuwa humo huanzia vijito viujazavyo mto Ruvu, unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Basi kuni yapasa zitoke mashambani. Na mashamba mengi ya mlimani ni madogo, tena miti yake ni michache. Kwa hiyo akina mama na binti zao huenda mbali kusenya, wakarudi na tita kichwani katika njia za utelezi, na pengine binti hufika shuleni masomo yamekwisha kuanza.

Kwa nini watu hawapandi miti? Wengine husema ni uvivu. Sivyo. Kwa desturi ya Waluguru ardhi ni ya ukoo, nao ukoo hufuatwa upande wa mama. Mtu alimaye ardhi ya ukoo mwingine, hata kama ni wa mkewe, huachiwa apande mahindi na maharage, lakini akipanda mti, watu hunong'ona: "Ataka kuitwaa nchi." Kwani mti hukaa miaka mingi, na apandaye mti huhesabiwa kuwa mwenye mahali. Hivyo mume hapandi kwa kuwahofu mashemeji zake. Na mashemeji hawapandi, maana hawalali katika nyumba ile yenye baridi.

Wala amri haitaponya jambo hili. Katika miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi, ili udongo usichukuliwe na mvua. Watu walichoka, na mwezi wa Julai 1955 ghasia zikatokea Matombo, kisha mpango ule ukaachwa. Mambo ya ardhi ya ukoo hutengenezwa na wenyewe, wakiketi pamoja.

Mwezi wa Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ili ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania waitumie. Ni jambo jema, maana moshi wadhuru macho na kifua. Lakini mtungi wa gesi wapanda mlima kwa pikipiki, kisha kwa kichwa, na bei yake hupanda pamoja nao. Tena gesi huivisha ugali. Haioteshi nyumba usiku kucha.

Basi nawasihi mambo matatu. Kwanza, ukoo uketi kabla ya masika na kukubaliana ya kwamba miti apandayo mwenye kuazimwa ardhi ni kuni zake, wala si hati ya kuitwaa nchi. Yaandikwe, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Figa moja haliinjiki chungu: mume, mke na mashemeji wote wahusika. Pili, mipakani ipandwe migrevilia, kwa kuwa matawi yake hukatwa yakachipuka tena, na mazao hustawi karibu nayo. Mikaratusi isipandwe penye chemchemi, kwani hunywa maji mengi. Tatu, kuni za kipupwe zikatwe tangu Septemba, zipasuliwe, zipangwe chini ya paa. Ukuni mbichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto hutumia nguvu zake kuyakausha kabla haujampa mtu joto. Watu wa Norway, ambako theluji hufunika nchi, hupasua kuni za baridi wakati baridi iliyotangulia inapokwisha.

Nanyi walimu, anzisheni kitalu kidogo kando ya shule, ili kila mtoto achukue miche michache nyumbani masika yaanzapo. Lakini mwambieni kwanza amwulize mama yake shamba ni la nani, na mjomba wake aitwe siku ya kupanda.