Mmea wa Kutambaa Kwenye Ukuta wa Jua

Ukuta uelekeao magharibi hupigwa na jua tangu adhuhuri hata jioni, na usiku chumba huwa kama tanuri. Wengi huotesha madodoki kuutia kivuli, lakini hayo hukauka mapema. Bogenvilia hupendeza, ila hailiwi. Panda mpasheni: huishi miaka kadhaa, na matunda yake utakula na kuuza.

Nyanda za juu yafaa ule wa matunda ya zambarau. Pwani, ule wa manjano. Huu wa manjano usiupande mmoja peke yake, kwa maana ua lake halishiki tunda kwa chavua ya mmea uleule. Panda miwili au zaidi, kwa mbegu za mimea mbalimbali, wala usiwaue nyuki wakubwa weusi watobao mbao; hao ndio wauchavushao.

Usiuache utambae juu ya ukuta wenyewe, hasa ukuta wa udongo. Majani huuzuia kukauka baada ya mvua, na mchwa hupanda bila kuonekana. Simamisha nguzo futi 3 mbali na ukuta, ufunge waya, upate nafasi ya kupita na kufagia. Shimo la mche lichimbwe upande wa nje wa nguzo, ili maji ya kumwagilia yasielekee kwenye msingi.