Injini Iliyokwisha Tumika, na Masafa ya Kitshanga

Mwenye lori lishushalo maharage na viazi vya Masisi, mashariki mwa Kongo, kwenda Goma, injini ikimfia katika matope ya Kilolirwe, aghalabu huitafuta nyingine Goma au, mfuko ukimruhusu, hutuma mtu hadi Kampala katika soko la Kisekka.

Nyingi ya injini hizo asili yake ni Japani, ambako mwenye gari hulazimika kulipeleka ukaguzini kila baada ya miaka 2, kwa gharama isiyo haba, hata wengi wakaona kheri kuliacha lingali na uzima; na tangu Januari 2005 iko sheria maalumu inayosimamia uvunjaji wa magari. Kutoka huko, au kwa kupitia yadi za Sharjah, injini hupakiwa kontenani hadi Mombasa, ikapanda kwa njia ya Malaba na Kampala. Na katika kila kituo yupo tajiri aliyeongeza faida yake, wala hayupo aliyeongeza habari za maisha ya chombo chenyewe.

Kwa hiyo mnunuzi na amwamini fundi wake, si dalali. Afungue kifuniko cha oili: ute mweupe mfano wa maziwa ni dalili ya maji, yaani huenda gasketi imeungua au hedi imepasuka. Atake iwashwe ingali baridi, kwani muuzaji aliyekwisha ipasha moto kabla mteja hajafika huenda ana jambo analolisitiri. Na moshi ukifoka kwa nguvu penye kifuniko hicho, ringi zimekwisha. Rangi mpya mimi huihesabu kuwa aibu kuliko pambo. Nambari ya injini nayo isomwe na ilinganishwe na karatasi, asije akanunua mali ya wizi.

Walakini dhamana ndiyo mas'ala makubwa. Mkazi wa Kampala aliyepewa dhamana ya juma moja aweza kuirudisha injini mbovu kwa mkokoteni. Lakini wa Kitshanga, aliye kilomita 80 na ushei kutoka Goma, katika mji ulioingiwa na waasi wa M23 Januari 2023 na kugombaniwa tena baadaye, akiwa na vizuizi vya ushuru njiani, dhamana yake huenda ikaisha injini ingali juu ya lori. Lau angelipia nauli na malazi ya fundi wa kwao, akanunua kwa bei ya juu injini aliyoisikia ikinguruma, pamoja na pampu na stata yake, hesabu ingemtokea rahisi.

Wenye Land Cruiser wengi huitaka 1HZ, silinda 6, sentimita za ujazo 4,164, ambayo haihitaji kompyuta, na fundi mwenye spana na masikio mazuri huimudu. Ukiipata, ifunge mkanda mpya wa taimingi kabla ya safari ya kwanza, maana ukikukatikia huko juu, mji wa Sake, ulio njiani kwenda Goma, ni mbali.