Huruma Isiyozama Katika Huzuni: Hekima ya Kibuddha Katika Kazi na Maisha ya Matabibu wa Nafsi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mafundisho ya Kibuddha yanavyoweza kutumika katika kazi na maisha ya matabibu wa nafsi, yaani wanasaikolojia tiba, wanasihi na wahudumu wengine ambao chombo chao kikuu cha kazi ni kusikiliza. Hoja kuu ni kwamba mchango mkubwa wa mafundisho hayo ni upambanuzi: kutenganisha huruma na huzuni, na kutenganisha utulivu wa moyo na kutojali. Makala yanaonesha chimbuko la upambanuzi huo katika maandiko ya Kipali, ushahidi wa kitafiti unaouhusu, ugumu wa kuueleza kwa Kiswahili, na masharti ambayo taasisi hazina budi kuyatimiza ili mafundisho hayo yasigeuzwe kuwa mzigo mwingine kwa mhudumu.

1.0 Utangulizi

Mtabibu wa mwili hutumia dawa, kisu na vipimo. Mtabibu wa nafsi hutumia usikivu wake. Siku nzima hukaa mbele ya watu walionyanyaswa, waliofiwa, waliokimbia vita au waliokata tamaa ya kuishi, na kazi yake ni kuyapokea wanayoyasema bila kuyakwepa. Chombo kinachotumika namna hiyo huchakaa. Mwaka 1995 mwanasaikolojia Charles Figley wa Marekani alihariri kitabu kilichoeneza jina la uchakavu huo, ambalo kwa Kiswahili linaweza kuitwa uchovu wa huruma. Dalili zake zinafahamika: mhudumu hukosa usingizi, huota masaibu ya wateja wake, hukereka upesi nyumbani, au huanza kumsikiliza mtu kama anayesomewa orodha ya bidhaa.

Jina hilo lina dai ndani yake, kwamba huruma ndiyo inayochosha. Dai hilo likiwa kweli, mtabibu amebakiwa na njia mbili tu: ahurumie hadi aishe, au ajifunze kutohurumia. Mapokeo ya Kibuddha yanalipinga dai hilo kwenye mzizi wake. Kwa mujibu wa mapokeo hayo, kinachomchosha mhudumu ni kitu kinachofanana sana na huruma, na madhara huanza pale viwili hivyo vinapochanganywa.

2.0 Ubuddha Ulivyoingia Katika Tiba ya Nafsi

Ubuddha na tiba ya nafsi ya kisasa vimekutana kwa takribani karne moja. Nchini Japani, mwanzoni mwa karne ya 20, tabibu wa magonjwa ya akili Shoma Morita aliunda tiba inayohusishwa na fikra za Zen, inayomfunza mgonjwa kuikubali hofu yake na kuendelea na shughuli badala ya kupigana nayo. Mwaka 1957 Erich Fromm aliwakutanisha wachanganuzi wa nafsi na mwanazuoni wa Zen, D. T. Suzuki, katika mkutano uliofanyika Cuernavaca, Mexico. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts programu ya uzingativu iliyokuja kufahamika kwa mafunzo yake ya wiki 8, akiwalenga hasa wagonjwa wenye maumivu sugu. Juu ya msingi huo, Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale walijenga tiba ya kuzuia sonona isirejee. Mwaka 2004 taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza iliipendekeza tiba hiyo kwa watu waliokwisha kupatwa na sonona mara tatu au zaidi.

Historia hii ina upande mmoja. Kilichovuka kutoka hekaluni kwenda kliniki kilikuwa hasa mbinu ya kumsaidia mgonjwa. Mafundisho yanayomhusu anayemhudumia mgonjwa yalibaki nyuma kwa muda mrefu, ingawa katika maandiko ya kale yamo na yako wazi.

3.0 Mhudumu Katika Maandiko ya Kale

Vinaya, yaani mkusanyiko wa kanuni za watawa, inasimulia habari za mtawa aliyeugua ugonjwa wa kuhara akaachwa na wenzake amelala katika uchafu wake. Buddha na mwanafunzi wake Ananda walimwosha na kumlaza kitandani. Kisha Buddha aliwakusanya watawa, akawauliza kwa nini hawakumhudumia. Katika mafundisho yanayofuata zinatajwa sifa tano za mhudumu anayefaa: aweze kuandaa dawa, ajue kinachomfaa mgonjwa na kinachomdhuru, ahudumie kwa nia ya upendo, si kwa kutaka faida, asichukizwe na kinyesi, mkojo wala matapishi, na aweze kumtia mgonjwa moyo kwa maneno yenye hekima.

Orodha hiyo inastahili kusomwa kwa makini. Inaanza na ujuzi, ikafuata nia, kisha ustahimilivu, na mwisho ikaja lugha. Haidai popote kwamba mhudumu augue pamoja na mgonjwa. Anachotakiwa ni kukaa karibu na kile ambacho wengine wanakikimbia, na kukaa kwake kuwe na manufaa.

Simulizi nyingine, inayopatikana katika Samyutta Nikaya, ni ya wanasarakasi wawili, mwalimu na mwanafunzi wake aliyesimama mabegani mwake. Mwalimu anapendekeza kwamba kila mmoja amlinde mwenzake. Mwanafunzi anapinga: kila mmoja na ajilinde mwenyewe, ndipo wote wawili watashuka salama. Buddha anaikubali kauli ya mwanafunzi, kisha anaikamilisha: anayejilinda kwa uzingativu huwalinda wengine, na anayewalinda wengine kwa subira, kutodhuru na upendo hujilinda mwenyewe. Kwa mtabibu wa nafsi maana yake ni bayana. Kuutunza moyo wake ni sehemu ya huduma anayompa mteja, na halipaswi kuhesabiwa kuwa jambo la faragha la kufanywa muda ukipatikana. Mwanasarakasi aliye chini akipoteza mizani, anayeanguka kutoka juu ni mwenzake.

4.0 Adui wa Karibu na Adui wa Mbali

Upambanuzi unaoibeba hoja ya makala haya umefafanuliwa katika Visuddhimagga, kitabu kilichoandikwa na Buddhaghosa nchini Sri Lanka katika karne ya 5. Mapokeo ya Kibuddha yanataja hali nne za moyo zinazopaswa kukuzwa: metta, yaani upendo mwema, karuna, yaani huruma, mudita, yaani kufurahia heri ya mwingine, na upekkha, yaani usawa wa moyo. Buddhaghosa anaeleza kwamba kila moja ina adui wawili. Adui wa mbali ni kinyume chake, naye hutambulika kwa urahisi. Adui wa karibu hufanana na hali yenyewe, na kwa sababu hiyo huingia bila kubishiwa hodi.

Adui wa mbali wa huruma ni ukatili. Adui wake wa karibu ni huzuni. Usawa wa moyo unapingwa waziwazi na mvuto wa tamaa na chuki, lakini unaigizwa na kutojali kunakotokana na kutojua. Ni matabibu wachache wanaohitaji kuonywa dhidi ya ukatili. Wengi wanahitaji kuonywa dhidi ya adui wa karibu, kwa kuwa huzuni huvaa joho la huruma, na ubaridi huvaa joho la weledi.

Tuseme mnasihi anamsikiliza mama aliyefiwa na mtoto. Machozi ya mnasihi peke yake hayathibitishi lolote. La kuchunguza ni mahali ambapo mawazo yake yameelekea. Ikiwa yamekwenda kwa wanawe mwenyewe, au kwenye hamu ya kikao kwisha, au kwenye kutafuta neno la haraka la kumnyamazisha mama yule, basi huzuni imeshika usukani, na mteja ameachwa peke yake ingawa wawili wamo chumbani. Ikiwa mawazo yangali kwa mama na kwa kile anachohitaji sasa, huruma ingalipo. Kinyume chake, mnasihi asiyeguswa kabisa anapaswa kujiuliza kama moyo wake umetulia au umefungwa. Mazoezi ya uzingativu yanamwezesha kuliona badiliko hilo linapoanza, kwa mfano katika pumzi inayokatika au mabega yanayokaza, kabla halijageuka kuwa neno au tendo.

5.0 Ushahidi wa Kitafiti

Upambanuzi huo umepimwa. Mwaka 2007 mwanasayansi wa ubongo Tania Singer alishirikiana na Matthieu Ricard, mtawa Mfaransa aliyekuwa amesomea biolojia ya molekuli. Akiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, Ricard alitakiwa ayahisi mateso ya wengine bila kuongeza huruma. Baada ya muda alieleza kuwa amechoka kabisa. Aliporuhusiwa kuingia katika tafakuri ya huruma, hali yake ilibadilika, ingawa taswira za mateso alizokuwa nazo moyoni zilikuwa zilezile.

Tukio la mtu mmoja halitoshi kuwa msingi wa hoja. Olga Klimecki, Singer, Ricard na wenzao walichapisha baadaye utafiti uliohusisha watu wasio watawa. Washiriki walifunzwa kwanza kuhisi maumivu ya wengine. Hisia zao hasi ziliongezeka, na maeneo ya ubongo yanayohusiana na maumivu yakawa na shughuli zaidi. Walipofunzwa huruma, hisia hasi zilishuka, hisia za upendo na ukaribu zikapanda, na maeneo mengine ya ubongo yakashiriki. Matokeo hayo yanaafikiana na dai la Buddhaghosa.

Kuhusu faida kwa mteja, utafiti wa Ludwig Grepmair na wenzake, uliofanyika nchini Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2007, uliwahusisha matabibu wa nafsi 18 waliokuwa mafunzoni na wagonjwa 124 waliolazwa. Nusu ya matabibu walifanya tafakuri ya Zen asubuhi kabla ya kazi. Wagonjwa wao, ambao hawakujua lolote kuhusu mazoezi hayo, walipata nafuu kubwa zaidi kuliko wagonjwa wa nusu nyingine. Idadi ya matabibu ni ndogo, hivyo matokeo yachukuliwe kuwa dalili inayohitaji kuthibitishwa kwingine.

6.0 Suala la Istilahi za Kiswahili

Anayetaka kufundisha mambo haya kwa Kiswahili hukutana na kikwazo mapema. Neno huruma limebeba maana pana: linaweza kumaanisha nia ya kumwondolea mtu taabu, na pia lile sikitiko linalomshika mtazamaji. Kusema mtu ameingiwa na huruma hakuoneshi ni lipi kati ya hayo mawili limetokea. Hata hivyo lugha ina akiba ya kutosha. Kusikitika, simanzi, majonzi na uchungu vinaweza kutengwa kwa ajili ya adui wa karibu, na huruma ikabakizwa kwa nia inayoelekea kwenye msaada.

Upekkha ina hatari kubwa zaidi, kwa kuwa tafsiri inayokuja upesi ni kutojali, ambayo ndiyo adui wake wa karibu. Asili ya neno hilo ni kutazama. Istilahi usawa wa moyo inakaribia maana hiyo bila kuleta ubaridi. Sati, ambayo hapa imeitwa uzingativu, inatokana na mzizi wenye maana ya kukumbuka: mtabibu anakumbuka yuko wapi, yuko na nani, na amekuja kufanya nini.

7.0 Mipaka na Masharti

Toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, linauelezea uchakavu wa kikazi kuwa jambo linalotokana na mazingira ya kazi, wala haliuiti ugonjwa. Mnasihi mwenye wateja wengi kupita kiasi, asiye na msimamizi wala likizo, hawezi kuokolewa na tafakuri ya dakika 20. Kumfundisha apumue vizuri huku mzigo ukiongezwa ni kumtwika lawama ya taasisi. Mapokeo yenyewe hayakumwacha mhudumu peke yake: watawa huishi katika jumuiya, na hukutana kila nusu ya mwezi kukariri kanuni na kuungama makosa. Katika tiba ya nafsi, usimamizi wa kitaaluma wa mara kwa mara ndio unaokaribia desturi hiyo.

Sharti la pili ni uaminifu kuhusu chimbuko. Ubuddha si mgeni kabisa Afrika Mashariki. Hekalu la Dar es Salaam lilianzishwa na wahamiaji Wasinhala katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Hata hivyo wahudumu wengi wa eneo hili ni Waislamu na Wakristo. Upambanuzi wa huruma na huzuni hauwadai wabadili imani, lakini wana haki ya kuambiwa umetoka wapi na kuchagua mazoezi wanayoridhia. Vilevile, tafakuri ndefu inaweza kuwaamshia baadhi ya watu waliopitia ukatili kumbukumbu nzito. Haifai kulazimishwa kwa mteja wala kwa mhudumu.

8.0 Hitimisho

Kwa watunga sera, yaliyoelezwa yanaelekeza kwenye hatua tatu. Kwanza, mitaala ya wanasihi na wanasaikolojia tiba ifundishe upambanuzi wa huruma na huzuni, na wa usawa wa moyo na kutojali, kama stadi inayopimika. Pili, usimamizi wa kitaaluma na ukomo wa idadi ya wateja viwekwe katika miongozo ya utumishi kabla ya kuanzisha programu yoyote ya tafakuri. Tatu, vyombo vya istilahi vya nchi jirani vishirikiane kusanifu msamiati huu, ili mnasihi wa Kigoma na mwenzake wa Bujumbura waweze kuelezana hali ya mioyo yao kwa neno moja. Mhudumu anayeweza kuitaja huzuni kwa jina lake ana nafasi ya kuomba msaada mapema. Asiyeweza kuitaja ataendelea kuiita huruma, mpaka siku atakapoamua kwamba huruma ndiyo iliyomshinda.