Nishani za Mahujaji wa Kale

Mtu akirudi kutoka safari ndefu, watu wa nyumbani humwuliza, "Umetuletea nini?" Hapo kale katika nchi za Ulaya, Mkristo aliyerudi kuhiji alikuwa na jibu juu ya kofia yake. Alishona hapo nishani ndogo ya bati na risasi, na kila aliyeiona alijua mara ametoka wapi. Basi, wasikilizaji wetu, leo twataka kueleza habari za nishani hizo, na sababu ya watu kupenda sana kitu cha thamani ndogo namna ile.

Tuanze na mji wa Canterbury, Uingereza. Tarehe 29 Desemba, 1170, Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa ndani ya kanisa lake na askari wanne wa Mfalme Henry wa Pili, kwa kuwa alishindana na mfalme juu ya haki za Kanisa. Mwaka 1173 Papa alimtangaza kuwa mtakatifu. Mwaka uliofuata mfalme mwenyewe alikwenda kaburini kwa miguu mitupu, akakubali kuchapwa na watawa ili atubu. Ikiwa mfalme alikwenda hivyo, je, raia wangebaki nyumbani? Wagonjwa walikwenda kutafuta afya, wakosaji kutafuta msamaha, na wengine kutimiza nadhiri.

Safari hiyo haikuwa mchezo. Kabla ya kuondoka ilimpasa mtu kulipa madeni, kupatana na adui zake, na kuweka wasia, maana hakujua kama atarudi. Padre alibariki fimbo yake na mkoba wake, ndipo akashika njia.

Alipofika aliwakuta wauza nishani. Fundi alichonga sura katika jiwe, akalifunika kwa jiwe la pili, kisha akamimina kati yake bati na risasi zilizoyeyuka. Madini hayo huyeyuka kwa moto mdogo na kuganda upesi. Kwa hiyo fundi aliweza kutoa nishani nyingi kwa siku moja, na bei yake hata maskini aliiweza. Wengi waliigusisha nishani kwenye kaburi, wakiamini kwamba itachukua baraka ya mahali pale.

Kila mahali palikuwa na alama yake. Canterbury palikuwa na kichwa cha Thomas, na vichupa vya maji vya kuvaliwa shingoni. Santiago de Compostela, nchini Hispania, palikuwa na kombe la pwani. Roma palikuwa na sura za Petro na Paulo, na faida yake ilikuwa kubwa hata mwaka 1199 Papa Innocent wa Tatu akawapa mapadre wa kanisa la Mtakatifu Petro mamlaka juu ya utengenezaji wake. Huko Aachen, Ujerumani, watu walisongamana hata wasiweze kukaribia vitu vitakatifu. Basi waliinua vioo vidogo ili vipokee mwangaza wake. Johannes Gutenberg, kabla hajajulikana kwa kupiga chapa vitabu, alishirikiana na wenziwe kutengeneza vioo kwa ajili ya hija hiyo.

Lakini penye faida hapakosi hila. Kwa kuwa mhujaji alipewa sadaka na mahali pa kulala, walaghai nao walivaa nishani bila kwenda po pote. Alama yaweza kununuliwa, toba hainunuliwi.

Mwaka 1538 Mfalme Henry wa Nane aliamuru kaburi la Thomas livunjwe, na dhahabu yake na vito vyake vikachukuliwa katika hazina ya mfalme. Hata hivyo nishani nyingi zimeonekana katika matope ya mto Thames mjini London, ambamo hewa haiingii, wala madini hayaharibiki upesi. Nyingine zingali na pini zake.

Wakulima, mafundi na wajane waliozivaa, majina ya wengi wao hayakuandikwa katika kitabu cho chote. Tukiitazama nishani moja iliyotoka matopeni, twajua jambo hili tu: palikuwa na mtu aliyeacha nyumba yake, akatembea, akafika.