Fahamu: Kwa nini alama za KCSE pekee hazitoshi kupata ufadhili wa chuo kikuu

Wazazi wengi wa Kisii na Nyamira huamini kwamba mtoto akipata alama za juu, serikali itamlipia karo yote. Sivyo.

Nani anastahili?
Mwanafunzi aliyepata C+ au zaidi na kupangiwa na KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, masomo ya shahada katika chuo kikuu cha umma, kama vile Chuo Kikuu cha Kisii. Mwanafunzi wa chuo cha kibinafsi huomba tu mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu.

Kiasi huamuliwaje?
Tangu 2023, hupimwa uwezo wa familia. Katika makundi matano ya 2024, wahitaji zaidi walipangiwa ufadhili wa asilimia 70, mkopo 25, na familia 5. Kundi la mwisho: ufadhili 30, mkopo 30, familia 40. Hivyo mwenye C+ ambaye mama yake huuza ndizi sokoni Daraja Mbili anaweza kupata ufadhili mkubwa kuliko mwenye A wa familia tajiri.

Mahakama ilisemaje?
Desemba 2024, Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huu unakiuka Katiba. Serikali ilikata rufaa.

Ufanye nini?
Kupangiwa chuo si kuomba ufadhili. Tuma ombi mwenyewe, eleza hali ya nyumbani kwa ukweli, na kama umefiwa na mzazi, ambatisha cheti cha kifo. Usiporidhika na kundi ulilowekwa, kata rufaa mapema.